Festo na geni ya sabufa

Scola, uko hewani? Nina hasira!

Unakumbuka nilivyopaka rangi ya kucha kwenye kitufe cha geni cha amplifaya, pale fundi alipoishia kuiseti? Alituambia geni ni ya kulinganisha amplifaya na redio ya gari, si ya kuongeza kelele. Ukiizidisha, sauti inakwaruza na spika zinaungua.

Leo harusini Endasak, mume wangu Festo kakuta gari la bwana harusi linapiga muziki kuliko letu. Kazungusha geni mpaka mwisho. Mpaka mwisho! Na mwanangu Kissa kalala siti ya nyuma, sabufa iko mgongoni kwake.

Nikamwambia, "Baba Kissa, umepita alama."

Akanijibu mbele za watu, "Nyamaza, mama darasa la jioni! Kwani wewe ndiye fundi?" Wakacheka, eti kwa kuwa nasoma masomo ya jioni.

Mtoto akaamka, akalia mpaka sauti ikakauka. Baba yake anasema, "Atazoea."

ATAZOEA, Scola! Mtoto wa kunyonya!

Alipoenda kucheza muziki, nikafungua boneti nikachomoa fyuzi ya amplifaya.

Sasa niko jikoni na akina mama, Kissa ananyonya. Festo yuko nje, muziki umezima, anatukana waya mmoja mmoja. Fyuzi nimeifunga kwenye pindo la khanga, na leo haifunguliwi.