Choo cha Khamis na Kisima cha Mama

Alhamisi, masika, 1957.

Mvua imeanza asubuhi, ikanikuta nimeketi ndani ya shimo la choo la mtu. Mgongo unauma. Mkono wangu wa sururu, si wa kalamu, lakini leo naandika maana moyo haukai.

Kisima nilikichimba mimi. Peke yangu, kwenye jiwe, na Mpendae nzima, huku mashamba nje ya mji, hapana aliyeamini pana maji. Mimi Mtumbatu bwana, kwetu kisiwani maji ya kunywa tukiyavukia Mkokotoni, na mama yangu, Bi Kazija, mitungi ilimnyonyoa nywele za utosi. Alipokufa nikakitoa kisima sadaka yake. Kila anywaye, thawabu zinamfikia kaburini.

Basi nikataka wanywaji wengi.

Mji ulipofurika, Ng'ambo hapana pa kutia mguu, nikawaita watu: njooni mjenge shambani kwangu, maji yapo. Nikakata migomba, nikakata minazi, nikawagawia viwanja. Nyumba zikaota kama uyoga, na kila nyumba na choo chake cha shimo. Nikisikia ndoo zinagongana asubuhi nasema, mama anapata huko.

Kilibaki kipande kimoja, ubavuni mwa kisima. Nikampa Khamis, hamali wa bandarini, na nyumba yake ishakandikwa udongo. Leo kaja na wenzake kuchimba choo. Hatua chache tu kutoka kisimani! Nikamwambia sipo radhi. Akasema pengine hapana: nyuma nyumba ya mtu, mbele njia. Na kweli hapana. Aliyegawa ni mimi.

Nikaingia shimoni nikakaa.

"Mzee, toka tumalize kazi," Khamis akasema.

"Nizikeni."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Tumzike tu, kaburi keshalipima mwenyewe."

"Babu," Khamis akasema, "vyoo vyote hivi vimechimbwa hukusema neno. Kwani maji yako yashaharibika?"

"Maji yangu? Unguja hii, tangu Nungwi mpaka Makunduchi, nionyeshe matamu kama yangu!"

"Basi wanizuilia nini?"

Nikazidi kujikita pale pale.

Mvua ikazidi, wakaenda kujikinga. Mize, mkewe Khamis, mja mzito wa kujifungua leo au kesho, akaniletea chai kule kule shimoni. "Shikamoo babu. Kunywa upate joto."

Nikaitikia marahaba, nikanywa. Tangawizi kaitia mpaka koo linawaka, lakini chini yake nikaipata ile ladha ya uvundo. Si ngeni kwangu. Tangu masika yaliyopita naijua. Nilikuwa nikisema ni ndoo chafu, ni majani yameangukia.

Nikamuuliza, tangawizi yote hii ya nini?

Akainamisha macho. "Bila hiyo hayashuki, babu. Watoto wanaharisha. Sote tunajua. Tunakustahi tu."

Sote.

Nikatoka. Khamis akaja mbio kuninyooshea mkono, nikaukataa, nikapanda mwenyewe, na goti likachubuka.

Tangu adhuhuri nimekaa ndani, sitaki kuona mtu. Nikisema maji mazima, Khamis ana haki ya kuchimba, na huyo mtoto wa Mize atakuja kunyweshwa hayo hayo. Nikisema yameharibika, ndoo zitahama, mama atabaki kaburini hana mnywaji. Na sadaka inayowatia watoto maradhi, thawabu yake ipi? Ningemuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani. Naogopa atanijibu.

Mimi nilidhani nyumba zikizidi na kheri inazidi. Ardhi ikichoka haipigi kelele.

Nshakata shauri. Khamis hachimbi. Choo changu kiko kule bondeni, mbali na kisima, atatumia yeye na mkewe, ingawa hajapata mtu baki kuingia uani kwangu. Wale wa karibu na kisima tutafukia vyao mmoja mmoja, tuchimbe bondeni. Watanitukana, watukane. Maji huenda yakarudi, huenda yasirudi nikiwa hai.

Lakini kwanza lazima yasinywewe, na wa kusema hivyo ni mimi. Kesho Ijumaa, baada ya sala, msikiti umejaa.

Kucheka hawatacheka. Watanitazama kwa upole, kama walivyokuwa wakinitazama mwaka mzima. Hilo ndilo linaloniua.

Mimi sijapata kusimama mbele ya watu nikakisema kitu changu kibaya. Neno la kwanza nilitoe vipi?