Chui Alisubiri Amina

Jumanne, 10 Juni. Ukungu na baridi.

Baba Peniel,

Uji umo kwenye chupa. Nitarudi baada ya darasa la jioni. ~~Mbwa mpeleke Nduguti kama ulivyosema.~~ Usimpeleke mbwa wetu Chui kwa wale wafugaji wa Nduguti.

Asubuhi nilimwekea ugali, nikasahau kuomba. Hakuugusa. Alikaa akinitazama kama mzee wa kanisa. Ukungu ulikuwa umeingia hadi jikoni, nikawa kama naota tuko wawili ibadani. Nilipoomba na kusema amina, ndipo akala. Wewe mwenyewe huwa hungoji!

Unasema amezeeka, habweki. Siku hizi anafikiri.

Nimetamka mbele ya jirani yetu Aneth na mama yako: “Chui atazeekea hapa, na kumlisha ni juu yangu.”

Mama Peniel