Gari Letu Linagoma Siku ya Safari Tu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usishangae kuandikiwa na mtu wa umri wangu, kwa haki mimi ndiye ningekaa hapo gazetini nikakushauri wewe, maana majibu yako mengine nayasoma huku natikisa kichwa, kama yule dada uliyemwambia akae chini na mumewe wazungumze, wazungumze nini na mwanamume asiyerudi nyumbani? Lakini yangu yamenifika shingoni, na watoto wangu nikiwaeleza wanacheka, kwa hiyo naandika mwenyewe kwa mkono wangu, shule sikukaa sana lakini barua naijua.

Mume wangu ni dereva mstaafu wa mabasi. Wenzake walipostaafu walitafuta mashamba, yeye akaleta nyumbani gari la kizamani lenye nyumba ndani, kitanda, jiko, sinki, kabati, yote humo humo, alilikuta limetelekezwa nyuma ya gereji, panya wanalala kwenye godoro. Nilimuuliza kama amerogwa. Akaniambia, "Mke wangu, miaka yote nimesafirisha wake za watu, sasa nataka nisafirishe wa kwangu." Nikamwambia aache maneno ya redioni, lakini moyoni nilifurahi, sikufichi. Akalitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, mimi nikashona mapazia, nikafukuza panya, nikasugua mpaka likanukia. Safari ya kwanza ilikuwa iwe kwa binti yetu wa mwisho, amejifungua mtoto wa kike wakampa jina langu, na huyo wajina wangu mpaka leo sijampakata, sasa naambiwa ameanza kukaa, atakuja kunijua lini, akiolewa?

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye ugonjwa. Gari hili linagoma siku ya safari tu. Si jana yake, si kesho yake, ni siku ile ile ambayo mizigo iko ndani, chai iko kwenye chupa, majirani tumewaaga na fundi cherehani wa mbele ametoka kutupungia mkono. Mzee anapiga stata, inazunguka vizuri, nye-nye-nye-nye, gari linakohoa, linatoa moshi kidogo wa kutudanganya, linanyamaza. Anapiga tena, linakohoa tena. Basi tunashusha mizigo mbele za watu, na fundi cherehani bado mkono uko juu, anauliza, "Bibi, mmeshafika?"

Mchana mzee anafungua, anaangalia, anapuliza, na hapo hapo linawaka! Linanguruma kama halijafanya kitu! Mara ya kwanza akabadilisha plagi, akasema amelipata. Tukapanga safari nyingine, asubuhi likagoma. Akabadilisha koili, akasema sasa kweli, mchana likawaka, siku ya safari likagoma. Betri ikapelekwa kuchajiwa, ile kitu wanaita platini ikasuguliwa kwa msasa, nyaya zikakazwa, na kila akimaliza linawaka, na kila nikivaa viatu vya safari linazima. Hata wewe ungeanza kufikiri.

Nikaanza kufikiri kweli dada yangu aliponiita kwake, nikaenda kwa basi. Niliporudi, jirani muuza nyanya ananipokea na habari, "Mzee wako amelizungusha gari mtaa mzima, asubuhi na mapema, amejaza madereva wenzake wazee, wanapiga honi kama vijana." Mshauri, nilihisi damu imepanda kichwani. Kumbe bila mimi linawaka asubuhi! Wiki nzima lilikuwa linawaka! Na niliporudi tu, nikapanga mizigo, likanuna.

Nisikufiche, naamini mzee analizima mwenyewe. Amebonyeza mahali, amechomoa kawaya, yeye anajua, mimi sijui. Hataki kukaa na mimi njia nzima, labda anaona nasema sana. Mimi sisemi sana. Nasema yanayotakiwa kusemwa.

Na usije ukaniambia labda gari halitunzwi, maana halina mtunzaji kama mimi. Injini ya gari hili haiko mbele kama ya magari ya watu, iko ndani kabisa, kati ya kiti cha dereva na kiti changu, chini ya mfuniko, na juu ya mfuniko nimetandika kitambaa cha kufuma na chupa ya chai. Yaani injini iko sebuleni kwangu. Mtu mwenye akili zake anakunywaje chai juu ya masizi? Kwa hiyo kila asubuhi ya safari, mzee akiwa bado anakoroma, mimi nainua mfuniko, ndoo yangu ya maji ya sabuni pembeni, nasugua kila kitu kwa brashi mpaka kile kikofia cheusi chenye nyaya kinang'aa, nasuuza, nafuta juu juu, nafunika, natandika kitambaa. Aliwahi kuniona mara moja akasema, "Mama, pale usimwage maji." Nikamwambia sawa, na mimi ni mtu wa neno langu, ndoo sikumwaga tena. Siku hizi nachota kwa kopo, kidogo kidogo.

Sasa safari ya mwisho ndiyo imetufikisha hapa. Alipiga stata mpaka nikamwonea huruma hiyo stata. Nikamwambia, "Mzee, washa gari."

"Nawasha."

"Huwashi. Unalibembeleza."

"Mke wangu, kila kitu nimeshabadilisha."

"Basi badilisha na mke, sema tu kama hutaki kusafiri na mimi!"

Alichomoa ufunguo akauangalia mkononi kama kitu cha kuokota, akasema, "Labda si gari. Labda ni mimi. Zamani nikigusa injini nilijua inaumwa wapi. Mikono yangu haisikii tena." Kisha akashuka. Mimi nikamwambia asinifanyie maigizo.

Kesho yake akaleta mfuga kuku. Mtu wa kuku akaingia sebuleni kwangu na viatu, akapima kwa futi, akakibonyeza kitanda akasema hapa matrei ya mayai yatakaa vizuri, na pazia hizi wataziondoa, kuku hawapendi giza. Mzee akaitikia tu, ndiyo, ndiyo. Wamekubaliana Jumamosi alichukue. Tangu hapo haongei, hata redio hafungui, anakaa uani analitazama lile gari.

Nauliza hivi, na unijibu moja kwa moja, sitaki mashairi. Nimkamate vipi mzee akilizima gari? Na nikishamkamata, nimwache auze, nipande basi peke yangu kwa mjukuu, au nifanyeje? Ni mimi Bibi wa Nyumba ya Magurudumu.

Jibu la mshauri

Bibi, shikamoo. Umeniomba nikujibu moja kwa moja, kwa hiyo nikishapokea marahaba yako, naomba na ruhusa ya kukugombeza.

Aliyekuwa akilizima gari nimeshamkamata. Ameandika barua kwa mkono wake mwenyewe na anavaa viatu vya safari.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikikuhurumia. Nilipofika kwenye brashi na kopo nikairudia tangu juu, nikaenda kumsomea dereva wa gari linalosambaza gazeti letu. Alishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Bibi anaogesha distributa!" Kile kikofia cheusi chenye nyaya, unachokisugua mpaka kinang'aa, Bibi, ndicho mfuniko wa distributa, na distributa ndiyo inayogawa cheche kwenda kwenye plagi. Kikipata maji, cheche inapotea njiani. Stata itazunguka vizuri kwa sababu betri ni nzima, gari litakohoa, halitawaka. Jua likipanda, unyevu unakauka, mchana linanguruma kama halijafanya kitu. Umeeleza mwenyewe vizuri kuliko fundi, ila umeruka mahali pamoja tu, penye wewe.

Ulipokwenda kwa dada yako, ndoo ilibaki imekauka. Ndiyo maana wazee wale walipiga honi wiki nzima. Gari halikuchukii, wala mzee hakuchomoa kawaya kokote.

Na usiniambie kwamba mzee alikataza kumwaga tu, kopo hakulikataza. Bibi, mimi nimelea watoto, hiyo nimeisikia kwa wa chekechea. Ulimwitikia sawa, ukaendelea wakati anakoroma. Naye kwa kukuamini, maji akayafuta kabisa kwenye mawazo yake. Akabadilisha plagi, akabadilisha koili, akabadilisha kila kitu, na vilipoisha vya kubadilisha akabaki na kimoja tu cha kukilaumu, mikono yake. Mtu aliyeendesha mabasi maisha yake yote anakuambia mikono yake haisikii tena, nawe unamwambia asikufanyie maigizo! Hapo, Bibi, sikucheka.

Unaogopa kwamba hataki kusafiri nawe. Mwanamume asiyetaka kusafiri na mkewe haokoti gari la panya nyuma ya gereji. Angenunua shamba kama wenzake. Haongei kwa sababu anadhani hana tena cha kukupa. Na gari analiuza kwa sababu kila likigoma, anashushwa na yeye pamoja na mizigo mbele ya fundi cherehani.

Najua pia kwa nini unasugua. Mtu aliyefukuza panya kwa mikono yake, akashona mapazia, hawezi kuondoka akiacha kona chafu. Mimi ni hivyo hivyo, mume wangu ananiambia nitakufa na kitambaa mkononi. Lakini hiyo si sebule, Bibi. Ni injini iliyokaa sebuleni. Mgeni wa namna hiyo haogeshwi.

Sasa fanya hivi, tena leo, usingoje Jumamosi ifike. Kabla hujagusa gari, nenda uani alipokaa mzee. Usimwachie gazeti hili mezani likiwa wazi kwenye ukurasa huu, ukajifanya unapika. Mwambie kwa kinywa chako kwamba maji hukuacha, uliacha ndoo ukashika kopo tu, na kwamba mikono yake haina kasoro yoyote. Ukimaliza hapo, nyamaza. Usiongeze "lakini". Najua lakini zako ziko tayari, ziache mdomoni.

Halafu mwache yeye afungue kile kikofia. Yeye, si wewe. Akifute kwa kitambaa kikavu ndani na nje, na nyaya zake zote, na akiangalie kama hakina ufa, maana kimenyweshwa maji safari nyingi. Kikiwa na ufa kinatafutwa kingine. Platini iliyo chini ya kikofia hicho aisugue tena kidogo kama imeshika kutu. Wewe kazi yako ni kumshikia taa na kumwambia, "Angalia na hapo, mzee, wewe ndiye unayejua." Sentensi hiyo ifanyie mazoezi, naona ni ngeni kwako. Tangu siku hiyo injini ni yake, inafutwa kwa kitambaa kikavu, na mfuniko anainua yeye. Wewe una sinki, vioo, kabati na kitambaa chako cha kufuma, ukoo mzima wa vitu vya kusugua.

Mfuga kuku atumiwe ujumbe asije kwa ajili ya gari. Lakini kama ni mbishi na amekuja, mpokeeni vizuri, avue viatu mlangoni kwanza, kisha muonyesheni linavyowaka.

Asubuhi ya safari, pakia mizigo, aga majirani, fundi cherehani naye mwache apunge. Kaa kwenye kiti chako. Mzee akishika ufunguo, usigune, usitazame saa, usimwambie awashe. Likiwaka, usiseme ulijua. Tabasamu, mimina chai, na njiani mwambie yote yanayotakiwa kusemwa, ameyatamani siku zote hizi za ukimya kuliko unavyodhani. Mkifika kwa binti yenu, mpakate wajina wako, na mzee awe wa pili kumpakata, ashike kitu kwa mikono ile.

Na ile ndoo usipande nayo garini. Mpe mfuga kuku. Kuku wake wana shida ya maji kuliko injini yenu.