Herufi Uliyostahili, Baba

Ni mwaka mmoja leo, Baba, tangu uiweke chini rula yako ya chuma. Tangu siku hiyo hakuna aliyetupima hapa nyumbani, na kusema kweli tunalala vizuri.

Wewe sentimita hukuzitaka. Ulisema ni za maseremala na makarani wa manispaa. Ulipima kwa riga na pointi, vipimo vya wapanga herufi, hata ukiwa mbali na kiwanda chako cha uchapaji. Mama akisukuma unga wa tortelli, vile vifuko vya unga vinavyojazwa boga, uliingia jikoni na rula mbele ya wageni.

"Argia, hii ni pointi tano. Nilisema tatu."

"Basi kula hiyo rula," Mama alijibu, lakini unga akausukuma upya.

Sketi ya Ilde, binti yako, uliipima mlangoni asubuhi ya Pasaka, ukamrudisha ndani kwa sababu ya riga mbili. Riga mbili ni upana wa kidole cha mwisho. Misa aliikosa.

Wema wako pia tuuseme. Maskini uliwachapia tanzia bure. Katika mji huu mtu hajafa mpaka karatasi yake ibandikwe ukutani kwenye baraza za uwanjani, watu wasome jina na saa ya mazishi. Karatasi hukumnyima mtu. Ulichokichagua mwenyewe ni herufi. "Kila mtu na kipimo chake," ulisema. Mwenye duka la dawa ulimpa kanone, zile herufi kubwa za mbao zinazosomeka kutoka ng'ambo ya uwanja. Waliokuudhi uliwapa nompariglia, pointi sita, nusu ya riga, ndogo kama mayai ya chawa.

Learco alikuwa mwanao wa pekee wa kiume. Alikiacha kiwanda chako akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha vigae.

"Mwanangu anaoka matofali," uliwaambia watu baa, naye yupo hapo hapo.

"Wateja wangu angalau wako hai, Baba," alikujibu, na baa nzima ikacheka. Hukusema naye tena.

Mwezi wa Novemba aligonga lori kwa pikipiki yake kwenye ukungu, akafa. Ulijifungia kiwandani peke yako, ukachapa, ukaenda kubandika kwa mkono wako. Mama alifika ukutani akakuta karatasi nyeupe, pindo jeusi, msalaba, na katikati kitu kama mstari wa sisimizi. Gundi ilikuwa bado mbichi. Alimtafuta mwanawe kwa ncha ya kidole.

Nives, muuza mikate, alikuwa nyuma yake. "Pole, Argia. Nani kafa kwenu? Mbona karatasi haina mtu?"

Jeneza lilifuatwa na sisi na padri. Wenzake wa kwenye vigae walikuja kesho yake na maua, wakauliza mazishi ni saa ngapi.

Mezani Mama alikuuliza, "Baba Ilde, mwanao umemfanya nini?"

Ulikuwa unakata salami. "Nimempa kipimo chake," ulisema. Siku hiyo ulikula vizuri.

Kanone ulizipaka mafuta kila Pasaka. Hospitalini ulimshika Ilde mkono ukamwambia, "Kanone, mwanangu. Jina langu lionekane mpaka ng'ambo. Usinidhulumu." Hatukukudhulumu. Ulizikwa kwa kanone, bendi ikapiga, na watu wakajaa mpaka barabarani. Ilde alitaka kukataa, Mama akamzuia.

"Mpe," alisema. "Mwaka si mbali."

Kweli haukuwa mbali. Mwosha huoshwa, Baba. Karatasi hii ya kutimiza mwaka Ilde ameipanga mwenyewe, kwa rula yako, na unga wa tortelli za leo ni mnene kama kisigino.

Jina lako tumeliweka chini kabisa pembeni, kwa nompariglia, baada ya anwani ya kiwanda. Anayetaka kukusoma apige magoti. Mama atapita hapa ukutani asubuhi akienda kununua mkate, na miwani ataiacha nyumbani makusudi. Anataka kusoma jina moja tu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Argia, binti yako Ilde, mkweo Ermes, na mwanao aliyekutangulia, kwa zile herufi zako za mbao:

LEARCO

Hatutakusahau kamwe, Baba. Mwaka mzima tumejaribu, tumeshindwa.

ulderico zambelli