Mgonjwa Asiyekaguliwa

Mjukuu wangu Salha,

Waalaykumu salaam. Sisi hapa Amerat wazima, ila nimechoka. Babu yako magoti yanamuuma, mimi usingizi siupati. Unauliza umfanyie nini rafiki yako Msomali anayezungumza na wasioonekana, na kwao wanamficha.

Nlipokuwa msichana, tulikaa Ansab, na jirani zetu Wasomali walikuwa na binti kama huyo. Walimsomea Qur'ani, wakamfungia chumbani. Mengine sitaki kuyataja. Mtu akiugua homa, mtaa mzima ulimwendea kumkagua, kumjulia hali. Huyu hakwendewa na mtu. Siku moja mama yangu akapika uji, akapiga hodi: "Nimekuja kumkagua mgonjwa."

Mama wa binti akashika mlango. "Mgonjwa?" Akalia. "Wewe wa mwanzo kumwita hivyo. Wenzio wanasema mwendawazimu."

Wiki ile kwao wakampeleka hospitali, na kisomo hawakukiacha. Hakupona kabisa, lakini asubuhi nyingine alikuwa akija kwetu kunywa kahawa na wanawake wenziwe.

Dawa mimi sina, mjukuu wangu, na maneno yamenishia. Pika uji, ukapige hodi.

Bibi yako