Nakala Iliyobaki

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Ndoa ni tamu, Shangazi. Hii ni wiki ya sita na bado mume wangu ananichemshia chai asubuhi huku akiimba, mpaka jirani anagonga ukuta.

Juzi nilitafuta picha zetu za harusi, nikakuta zimefutika kwenye kompyuta. Programu inayotunza nakala za mafaili nayo haifunguki. "Hiyo imekufa mpenzi, achana nayo," akasema mume wangu, akaenda kazini. Unaujua ubishi wangu. Nikazima kompyuta, nikawasha. Wapi. Kumbe programu ilikuwa imeshajiwasha yenyewe kimyakimya, ndiyo maana haikukubali kufunguliwa tena. Nikaisimamisha, nikaifungua upya, ikatii.

Picha zote zipo. Ulipendeza kunishinda mimi bibi harusi.

Kando ya picha hizo palikuwa na barua mbili ambazo mume wangu alizifuta. Unakumbuka tulivyosubiri jibu la chuo cha uuguzi, ukanifuta machozi nikilia kwamba wamenikataa? Hawakunikataa. Walinipa nafasi kupitia barua pepe yake, maana mimi sikuwa nayo na yeye ndiye mchumba niliyemwamini. Akawajibu kwa jina langu kwamba nimeghairi, naolewa.

Jioni akauliza, "Ilifunguka?" Nikamwambia bado. Akanibusu kwenye paji la uso, nami nikafumba macho kama kawaida.

Nimekuwekea humu nakala za barua zote mbili, unitunzie. Kesho naenda chuoni mwenyewe. Akikupigia simu, mwambie nimekuja kwako.

Ni mimi mwanao,
Bibi harusi