Nilimcheka Fundi Aliyehesabu Joto la Maziwa

Shangazi Molly mpendwa, nakuandikia nikiwa nimeinamisha kichwa, naomba msaada wako kabla sijapoteza akina mama wanaoniletea maziwa.

Mimi ni Waceke, wengi wananiita Mama Kim, nina duka la maziwa hapa Silibwet, na chumba cha nyuma nimeweka friza nne na friji mbili, hapo ndipo tunapopoza maziwa na kufunga yogati, sasa madirisha niliyaziba kwa ajili ya vumbi la barabara, chumba kikawa moto hadi wasichana wangu wanatoka jasho wakati watu huko nje wamevaa sweta, nikaita fundi anipimie kiyoyozi, akaja dada mmoja anaitwa Jerusa, aliyewahi kutunza vyumba vya baridi vya shamba la maua.

Shangazi, huyo dada hakupima kuta tu, alisoma kibati cha kila friza akaandika stima inayokula, akahesabu balbu, akahesabu watu, kisha akauliza tunapokea lita ngapi kila asubuhi na maziwa yanafika yakiwa na joto gani, nikamwuliza maziwa na kiyoyozi vinahusiana wapi, akasema, "Mama Kim, friza haimalizi joto. Inatoa kwa maziwa inatupa hapa nyuma, na hiyo stima inakula pia inageuka joto. Yote inabaki kwa hii chumba." Mimi nikacheka mbele ya akina mama wa Kimulot waliokuwa wamesimama na mitungi yao, nikasema huyu anataka kuniuzia mashine kubwa, tangu lini friza ikaleta joto, nikafungua milango yote ya friza nikawaambia sikieni baridi hiyo. Jerusa alizifunga moja moja, akazisogeza kutoka ukutani zipate hewa, akaniachia karatasi ya hesabu yake, akaenda.

Nikamchukua binamu ya mume wangu, akapima urefu na upana wa chumba basi, akaweka kiyoyozi kidogo, na sisi tukawa tunaacha friza wazi ili zikisaidie, sasa ni wiki ya tatu, joto limezidi, yogati inaharibika kabla ya kufika Bomet, na akina mama wamenipa hadi Jumatatu, baada ya hapo watapeleka maziwa kwingine. Ile karatasi nimeisoma na kila alichoandika ndicho ninachokiona. Mume wangu Johnson anasema nikimrudia Jerusa soko zima litanidharau. Nifanye nini?

Shangazi Molly anajibu:

Mama Kim, pole kwa maziwa. Kwa aibu sikupi pole, hiyo uliitafuta mwenyewe.

Funga hizo friza leo. Zikiwa wazi zinafanya kazi bila kupumzika, na joto linalotoka nyuma ni jingi kuliko baridi unayoisikia mbele. Zibua dirisha moja, weka wavu. Mitungi ikifika, itumbukize kwanza kwenye maji baridi huko nje, ndipo maziwa yaingie ndani. Hiyo itakusogeza hadi Jumatatu, lakini haitamaliza shida.

Nimemaliza barua yako nikampenda huyo Jerusa, na sioni haya kusema. Nimeishi na mafundi wanaotaja mashine kabla hawajafika mlangoni. Huyu aliuliza hata joto la maziwa, na ulipomcheka bado alikupangia friza zako. Watu kama hao ni wachache, na wewe ulimpata ukamfukuza.

Mwambie Johnson dharau yenyewe itakuja Jumatatu, mitungi ikipita mlangoni kwenu kwenda kwa jirani.

Usimpigie Jerusa simu, nenda kwake. Usimlaumu binamu, kosa ni lako. Mwombe Jerusa aje asubuhi saa ya kupokea maziwa, ili waliokusikia ukimcheka wakusikie ukisema umekosea. Akisema kiyoyozi kikubwa, tafuta kikubwa. Akisema mitambo ya friza ihamishiwe nje, hamisha.

Na chumba kikishapoa, akina mama wakiuliza nani ameokoa maziwa yao, usiwaambie ni ninyi mliotengeneza. Waambie ni Jerusa.